Nani Alimfunda Mwalimu wa Kwaya?

Katika Kiswahili cha makanisani na mashuleni, mtu anayesimama mbele ya waimbaji, akawapa sauti ya kuanzia na kuwaongoza kwa mikono, huitwa mwalimu wa kwaya, na wanakwaya wake humwita mwalimu hata wanapokutana naye sokoni. Lugha kadhaa za Ulaya zilimpa mtu wa namna hiyo majina yenye maana ya kuongoza au kuelekeza, kwa kuwa katika majumba makubwa ya muziki alikabidhiwa waimbaji waliokwisha kufundishwa na wengine, naye akabaki na kazi ya kuwaunganisha. Mwenzake wa Afrika Mashariki alikabidhiwa wakulima, wauguzi, mafundi cherehani na wanafunzi ambao hawakuwahi kusoma nota hata moja, na asingeweza kuwaongoza kabla ya kuwafundisha. Hiyo ndiyo maana ya kwaya ya ridhaa, yaani kwaya ambayo waimbaji wake hawalipwi na hawakusomea muziki, bali hukutana jioni mbili tatu kwa wiki kwa sababu wanapenda kuimba au wana nadhiri ya kumtumikia Mungu kwa sauti zao. Historia ya kumfunda mtu wa kuongoza kwaya ya aina hii inastahili kusimuliwa peke yake, kwa kuwa haikupitia katika vyuo vikuu vya muziki. Ilipita katika madarasa ya Jumapili, vyuo vya ualimu na mazoezi yenyewe, na nguvu pamoja na udhaifu wa kwaya za leo vinaeleweka vizuri zaidi njia hiyo inapofuatiliwa tangu mwanzo wake.

Mwanzo wake uko Ulaya ya karne ya 19, wakati viwanda vilipokusanya watu mijini na makanisa pamoja na wapenda elimu wakatafuta namna ya kuwafundisha umati wa watu wa kawaida kuimba. Huko Paris, Guillaume Wilhem alibuni mfumo ambao wanafunzi waliotangulia waliwafundisha waliofuata, na mwaka 1833 mikusanyiko ya kuimba iliyojulikana kama Orphéon ikaanza kutokana na kazi yake. John Hullah aliuchukua mfumo huo na kuupeleka London, ambako mwaka 1841 alifungua darasa la kuwafundisha walimu wa shule katika ukumbi wa Exeter Hall. Darasa lilijaa watu, lakini mfumo ulikuwa na kasoro kubwa: neno “do” lilifungwa kwenye sauti moja isiyobadilika, hivyo mwanafunzi alifurahi maadamu wimbo uliandikwa kwa ufunguo ule rahisi wa mwanzo, na mara ufunguo ulipobadilika alijikuta hajui tena sauti zinahusianaje, akakata tamaa.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa tayari imepatikana katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, mikononi mwa mwalimu mwanamke aliyeitwa Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Glover aliwafundisha watoto kwa herufi na kwa ngazi ya sauti iliyochorwa na kutundikwa ukutani, na “do” yake ilihama, yaani ilikuwa jina la sauti iliyo nyumbani, popote wimbo ulipoweka makao yake. Alibadilisha pia jina la sauti ya saba kutoka “si” kuwa “ti”, ili kila sauti ianze na herufi yake na pasiwe na herufi mbili za “s” za kuwachanganya watoto. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835, lakini huenda kingebaki habari ya mji mmoja lau mchungaji kijana aliyeitwa John Curwen asingepewa kazi ambayo mwenyewe hakuiweza. Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull, Curwen aliombwa atafute njia nyepesi kuliko zote ya kufundisha kuimba. Naye hakuwa mwanamuziki, na kusoma nota kulimsumbua sana. Alikwenda Norwich, akaona watoto wa Glover wakisoma nyimbo, akauchukua mfumo, akaubadilisha hapa na pale bila kumwomba ruhusa kwanza mwenye nao, na kwa maisha yake yote yaliyobaki, hadi alipofariki mwaka 1880, akaueneza kwa vitabu, jarida, chama na kiwanda chake cha uchapaji. Ndio mfumo wa toniki solfa, ambao wanakwaya wa Afrika Mashariki huuita solfa tu.

Inafaa kuutazama mfumo huo kwa karibu, kwa sababu ndio uliokuja kuwa shule nzima ya mwalimu wa kwaya. Mstari mfupi kama d : r | m : f | s : – | s : – | unabeba kila kitu ambacho mwimbaji wa ridhaa anahitaji. Herufi zinataja sauti. Nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo. Mstari wa wima unatangulia pigo zito. Kistari kinaagiza sauti iendelee kushikwa. Nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu. Na alama ndogo juu au chini ya herufi huonyesha kwamba sauti imepanda au imeshuka hatua nane. Ukurasa huo wa nota unaweza kuchapwa na kiwanda chochote chenye herufi za kawaida, unaweza kunakiliwa kwa mkono katika daftari la shule, na unaweza kuandikwa kwa chaki ubaoni sauti nne zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine. Haudai kinanda. Mwalimu mwenye uma wa sauti, yaani kile chuma kidogo chenye meno mawili kinachogongwa gotini kisha kikasogezwa sikioni, anaweza kupata sauti moja ya uhakika, akahesabu kutoka hapo hadi kwenye “do” ya wimbo, na kuwagawia soprano, alto, tena na besi sauti zao za kuanzia ndani ya kanisa lisilo na ala yoyote.

Hata hivyo, jambo kubwa zaidi alilofanya Curwen halikuwa kueneza herufi. Alitambua mapema kwamba mfumo bila mwalimu ni karatasi tu, na kwamba watu atakaowapata kuwa walimu watakuwa wale wale makarani, mafundi na walimu wa shule waliokuwa wanafunzi mwaka jana. Kwa hiyo aliweka ngazi za mitihani na vyeti, akaanzisha mwaka 1869 chuo cha toniki solfa, na akaandika miongozo iliyomweleza mwalimu namna ya kusimama, kusikiliza na kusahihisha. Aliongeza ishara za mkono, ambapo ngumi iliyofungwa inasimama badala ya “do” iliyo imara, kiganja kilicholala sawasawa badala ya “mi” tulivu, na kidole kinachoelekea juu badala ya “ti” inayotamani kupanda, ili mwimbaji aihisi sauti kwa tabia yake kabla ya kuihesabu kwa nafasi yake. Miongoni mwa kanuni zake ilikuwamo moja ambayo hadi leo hutenganisha mwalimu mzuri na mwenye sauti nzuri tu: mwalimu haimbi pamoja na wanafunzi wake. Huimba mfano mfupi kwa sauti ya chini wakati wao wakisikiliza, kisha hunyamaza na kusikiliza wakati wao wakiimba, kwa maana anayeimba muda wote hawezi kusikia kosa lilipo. Kwaya nyingi za ridhaa zimelemaa kwa sababu mwalimu aliye na koo zuri alizifunika sauti zao kwa sauti yake, na siku asipokuwepo wimbo hauanzi.

Kutoka Uingereza solfa ilisafiri na wamisionari, na iliota mizizi kusini mwa Afrika na kisiwani Madagaska kabla haijazoeleka katika bara la Afrika Mashariki. Mazao yake ya kusini yanamgusa kila Mtanzania. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo Nkosi Sikelel’ iAfrika, na nyimbo zake aliziandika kwa herufi za solfa katika daftari kwa ajili ya wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905, miaka mingi kabla ya tuni hiyo kupewa maneno ya Kiswahili na kuwa wimbo wa taifa la Tanganyika huru mwaka 1961. Yaani tuni inayoimbwa uwanjani bendera ikipanda ilitungwa na mwalimu wa kwaya ya ridhaa, kwa ajili ya watoto wa shule, kwa maandishi yasiyohitaji kinanda.

Katika pwani na bara la Afrika Mashariki picha ilikuwa na rangi nyingi, kwa kuwa kila misheni ilikuja na muziki wa kwao. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, iliyohamia Unguja mwaka 1864, ilileta zaburi na nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa, na shule yake ya Kiungani ilitoa walimu na makasisi ambao walikwenda bara wakiwa na nyimbo hizo vichwani. Walutheri wa Kijerumani waliofika Usambara, Kilimanjaro na nyanda za juu za kusini katika miaka ya 1890 walileta tenzi za Matengenezo zinazoimbwa taratibu kwa sauti nne, na pamoja nazo matarumbeta ambayo bado yanasikika alfajiri ya Pasaka katika sharika nyingi. Wakatoliki waliofika Bagamoyo mwaka 1868, Peramiho mwaka 1898 na kandokando ya maziwa makuu walileta uimbaji wa Kigregori, yaani wimbo wa Kilatini wa sauti moja usio na mapigo yaliyopimwa, na barua ya Papa Pius X ya mwaka 1903 iliupa uimbaji huo nafasi ya kwanza kuliko muziki mwingine wote wa kanisa.

Walichofanana wote ni mtu waliyemtwika kazi. Misheni ilikuwa na mapadre au wachungaji wachache na vijiji vingi, na kijijini alipelekwa mwalimu ambaye asubuhi alifundisha kusoma na kuhesabu, jioni alifundisha katekisimu, Jumapili aliongoza sala, na katikati ya hayo yote alianzisha nyimbo. Katika vyuo walivyosomea walimu hao, kuimba kulikuwa somo kama masomo mengine, na aliyehitimu alitarajiwa kujua kuipa kwaya sauti, kusoma nota za namna fulani na kufundisha wimbo mpya kwa siku chache. Hapa ndipo jina la mwalimu wa kwaya lilipopata uzito wake: alikuwa mwalimu kwa cheti, na kwaya ilikuwa mojawapo ya madarasa yake. Hapa pia ndipo ulipoanza upungufu ambao haujaisha. Kazi ya ukatekista na ualimu wa misheni ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanaume, na kwa upande wa Wakatoliki barua ile ile ya 1903 iliwazuia wanawake kuwa sehemu ya kwaya ya kanisani kwa hoja kwamba waimbaji wanatimiza huduma ya liturujia. Ni mwaka 1955 tu ndipo Papa Pius XII alipolegeza jambo hilo kwa masharti. Leo wanawake ndio wanaojaza safu za kwaya nyingi, wakati anayesimama mbele yao bado ni mwanamume mara nyingi zaidi, na sababu si uwezo wao. Ni kwamba mfereji uliopitisha elimu hiyo uliwaacha pembeni kwa vizazi viwili au vitatu.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa mtihani wa kwanza wa walimu hawa. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa au kuondolewa, na ulipofika mwaka 1920 sharika nyingi za Tanganyika zilikuwa hazina Mzungu, hazina kinanda na hazina vitabu vipya. Ibada ziliendelea, na nyimbo ziliendelea nazo, kwa sababu walimu na wainjilisti wenyeji walikuwa nazo kichwani na katika madaftari. Miaka hiyo haijaandikwa vya kutosha katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki, ingawa huenda ndiyo iliyoamua mambo mengi: mwalimu aliyelazimika kufundisha sauti nne bila msaada alijifunza kutegemea sikio, alijifunza kuruhusu waimbaji waitafute sauti ya pili kwa desturi zao za nyumbani, na alijifunza kumrithisha kijana aliyeonekana kuwa na kipaji. Kufundwa kwa njia ya kukaa karibu na mkubwa, kama fundi seremala anavyomlea mwanagenzi wake, kulianza kufanya kazi bega kwa bega na kufundwa kwa cheti, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa tena, njia hiyo ilikuwa imekomaa.

Mazoezi ya kwaya yaliyotokana na urithi huo yana utaratibu ambao mtu aliyekulia kanisani atautambua mara moja. Mwalimu huandika sauti nne ubaoni kabla waimbaji hawajafika. Huanza na besi au tena, wale wanaochelewa kushika, akawaimbisha mstari wao kwa herufi tupu, do na re na mi, mara tatu au nne, huku akigonga pigo kwa fimbo juu ya meza. Kisha huwaambia wakae na kunong’ona mstari huo wakati akiwachukua alto. Soprano huachwa mwisho, kwa kuwa tuni ya juu hunaswa upesi na waliokwisha kuinasa huanza kuwapoteza wenzao. Sauti zote zinapokutana, bado kwa herufi, ndipo makosa yanapojitokeza, na ndipo ujuzi wa mwalimu unapoonekana: asiye na uzoefu huurudia wimbo mzima tangu mwanzo, na aliyefundwa husimamisha kwaya kwenye pigo lenyewe lililoharibika, akaziacha sauti mbili zinazogombana ziimbe peke yake, akaisahihisha moja, na kuendelea. Maneno huingizwa baada ya hapo. Mpango huu ni wa Curwen karibu hatua kwa hatua, ingawa wengi wanaoutumia hawajapata kulisikia jina lake.

Lakini solfa ilikuja ikiwa imevaa tuni za watu wengine, na hapo ndipo mafunzo ya zamani yalipowaangusha walimu. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo Mungu, Bwana na Yesu yote hubeba mkazo mwanzoni. Tuni nyingi za Kiingereza na za Kijerumani huanza na pigo jepesi kabla ya mstari wa wima, na mtafsiri aliyeweka neno “Mungu” hapo aliifanya silabi “Mu” iangukie pigo jepesi na “ngu” iangukie pigo zito, watu wakaimba neno lisilokuwapo katika lugha yao. Jambo hili lilijificha nyuma ya hesabu iliyokuwa sahihi. Kipande cha utenzi wa Kiswahili kina mizani nane, na beti nyingi za tenzi za Kiingereza zina mistari ya silabi nane, kwa hiyo mtafsiri aliyehesabu mizani alidhani amefika. Ila mstari wa Kiingereza wa aina hiyo huishia kwenye silabi yenye mkazo, na mstari wa Kiswahili kamwe hauishii hivyo, kwa kuwa silabi yake ya nane daima ni nyepesi na ya saba ndiyo nzito. Tuni zinazoanza kwa pigo zito zilikubaliana na lugha vizuri zaidi, na si ajabu kwamba zilipendwa. Katika lugha za toni kama Kihaya, ambako kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno, tatizo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu tuni ngeni inaweza kuvuruga neno lenyewe. Ubao wa solfa ulilionyesha kosa hilo waziwazi, mstari wa wima ukiwa umekata katikati ya neno, lakini mwalimu alikuwa amefundwa kuutii ubao, hakuwa amefundwa kuuhoji.

Kuhoji kulianza kwa kishindo katika miaka ya 1950 na 1960. Henry Weman, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Uppsala nchini Uswidi, alizunguka Tanganyika na sehemu za kusini mwa Afrika, na kitabu chake cha mwaka 1960 kilihimiza makanisa yajenge muziki wao juu ya nyimbo za wenyeji. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa mwaka 1963 kitabu kilichopima muziki wa Kibantu mbele ya sheria za Kanisa, na mwezi Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyotaka muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima yake, na ikasisitiza kwamba waimbaji na watunzi wafundishwe ipasavyo. Kwa Walutheri, kazi kubwa ilifanyika katika chuo cha teolojia cha Makumira, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako mmisionari Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi walete tuni za makwao na kuziwekea maneno ya Kikristo. Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi hapo, aliandika mwaka 1966 maneno ya Mfurahini, Haleluya juu ya tuni ya Kihaya, na wimbo huo umefika katika vitabu vya nyimbo vya nchi za mbali. Mkusanyo wa Olson uitwao Tumshangilie Mungu ulitoka mwaka 1968. Thamani yake kwa mwalimu wa kwaya ya ridhaa ilikuwa kubwa kuliko wingi wa kurasa zake, kwa sababu nyimbo za kuanzisha na kuitikia zinagawa kazi kwa namna tofauti: mwanzishaji hubeba maneno yanayobadilika, wengine hubeba kiitikio kinachonaswa kwa kusikia mara mbili, na mwalimu hubaki na muda wa kushughulikia uzuri wa sauti badala ya kukimbizana na nota.

Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, ilikuwa imetoa mfano wenye kuthubutu zaidi. Huko Kamina, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda mwaka 1954 kundi la wavulana na walimu wa shule, na mwaka 1958 kundi hilo likaimba Missa Luba, misa ya Kilatini iliyojengwa juu ya nyimbo za jadi za Kongo, ambayo kwa sehemu kubwa haikuandikwa bali ilizaliwa katika mazoezi, waimbaji wakibuni ndani ya mitindo waliyoijua tangu utotoni. Ni vigumu kumfunda mwalimu kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuna daftari la kumkabidhi. Inahitajika jamii ambayo bado inaimba nyumbani.

Upande mmoja wa malezi ya mwalimu wa kwaya haukutoka misheni hata kidogo. Kwaya ya Afrika Mashariki ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, sare, michango ya misiba na harusi, na hamu kubwa ya kushindana. Na mtu anayeijua pwani atakumbuka vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, ambavyo tangu mwisho wa karne ya 19 viligawanyika kwa vyeo na mavazi na kushindana mji kwa mji, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam. Kwaya ilipandwa kwenye udongo huo. Mwalimu akawa mtu wa kuwajibika kwa wanachama, anayeweza kuulizwa kwa nini wimbo fulani umeshindwa, na mashindano yakawa chuo chake kingine. Nchini Kenya tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927 miongoni mwa walowezi lilikuja kuwa la shule za Waafrika, na maoni ya waamuzi, yaliyosomwa hadharani baada ya kila kwaya kuimba, yaliwafundisha walimu wa vijijini mambo ya pumzi, matamshi na mlingano wa sauti ambayo hakuna chuo kilichowafundisha. Mwalimu aliandika maoni ya mwamuzi hata kuhusu kwaya za wengine, akarudi nayo nyumbani.

Uhuru uliipanua kazi hiyo. Tume ya watu watano, akiwamo Graham Hyslop, mwalimu wa muziki Mwingereza aliyefanya kazi Kenya miaka mingi, na Washington Omondi, iliutengeneza wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963 kutokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo, jambo lisilowezekana bila watu waliojua kuusikia wimbo wa mama na kuuwekea sauti nne. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule, majeshi na vijiji viliunda kwaya za kuimba siasa na kilimo, na mbinu zilizotumika kufundishia zaburi zikatumika kufundishia ujamaa. Kenya ya Rais Moi ilikuwa na makundi makubwa ya walimu walioimba katika sherehe za taifa. Omondi aliongoza tume ya muziki ya mwaka 1982, na mtaala wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliingiza muziki katika masomo ya shule za msingi. Kutoka mazingira hayo walitoka viongozi kama Arthur Kemoli, mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi aliyepanga nyimbo za Kiluhya kwa kwaya, na Boniface Mganga, ambaye kwaya yake ya Muungano iliirekodi Missa Luba mwaka 1990.

Kaseti, na baadaye kibodi, zilibadilisha tena malezi. Kwaya za mijini zilianza kujifunza wimbo kwa kuusikiliza, mwalimu akawa mtu wa studio, na katika makanisa mengi ya Kiprotestanti herufi za ubaoni zilififia. Faida ilikuwapo, kwa kuwa sikio lilipata nguvu. Hasara ni kwamba kibodi ilichukua nafasi ya besi na tena, na vijana wengi wanaoongoza kwaya leo hawawezi kuwagawia watu sauti nne umeme ukikatika. Wakatoliki walishikilia nota zaidi, na watunzi wao sasa huzichapa kwa kompyuta na kuzituma kwa simu. Elimu rasmi pia imekaribia: Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, chuo cha Makumira kiliendelea hadi kuwa chuo kikuu chenye shahada ya muziki, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kimetoa walimu wa muziki kwa miongo kadhaa. Wahitimu wao ni wachache mno kwa idadi ya vigango, mitaa na shule zenye kwaya. Kwa hiyo mwalimu anayehitimu akajua mistari mitano ya nota hurudi kijijini, akapokea kwenye simu wimbo mpya ulioandikwa kwa mistari hiyo, na jioni kabla ya mazoezi huketi na kuuhamisha, pigo kwa pigo, kuwa d na r na m kwenye ubao, kwa sababu hayo ndiyo maandishi ambayo besi wake, baba wa watoto wanne anayefika moja kwa moja kutoka shambani, alifundishwa na mwalimu aliyemtangulia.